Mwenye Kamera Anakaguliwa na Nani?

Injini ya ndege ilishawaka na sisi tuko kwenye foleni, miavuli ya kurukia kutoka angani mgongoni, jasho linachuruzika ndani ya suti. Jumamosi ya joto kali, mashambani North Carolina. Yule mama anayesimamia usalama wa uwanja alikuwa akipita akitukagua mmoja mmoja: mikanda, vipini, kofia. Alipofika kwa kijana aliyekuwa mbele yangu, akasimama.

"Hiyo juu ya kofia ni nini?"

Ilikuwa kamera, zile ndogo zinazoenea kiganjani.

"Umesharuka mara ngapi?"

"Sabini na kitu."

"Ivue."

Kijana akajitetea. Haina uzito, ameibana vizuri, hataigusa hata mara moja. Mama wa watu hakubishana naye. Alinyoosha mkono akangoja, na rubani anangoja, na mafuta yanaungua, na sisi wote tunatazama. Kamera ikavuliwa, ikaingia mfukoni mwa yule mama, ndipo tukapanda.

Kijana hakusema neno mpaka futi 13,500. Tuliporudi chini, kila mtu amekumbatia mwavuli wake anarudi bandani, nikamsikia akimwambia mwenzake: "Leo nimeruka vizuri kuliko siku zote, na hakuna mtu atakayeona."

Kauli hiyo ilinikaa wiki kadhaa.

Ilinikaa kwa sababu moyoni nilikuwa upande wake. Mimi pia sijafika miruko 200 inayotakiwa ili mtu avae kamera. Kabatini kwangu kuna kamera ya aina ile ile, zawadi ya mdogo wangu, na kwenye kundi la WhatsApp la familia swali ni lile lile kila wikiendi: "Kaka, video iko wapi?" Mama peke yake ndiye asiyetaka video. Yeye anataka ujumbe mmoja tu, wa kusema nimeshafika chini.

## Ushauri uliogeuka amri

Chama cha waruka kwa miavuli cha Marekani, USPA, kina leseni nne za ngazi: A kuanzia miruko 25, B 50, C 200, D 500. Mwongozo wake unashauri mtu asivae kamera mpaka awe na leseni C na miruko yake 200, na kwamba 50 kati ya hiyo awe ameifanya kwa vifaa vile vile atakavyorukia na kamera.

Ni ushauri. Serikali haimo. Mamlaka ya anga, FAA, ina kanuni zake za miavuli, Sehemu ya 105, na humo utakuta habari za rubani, mawingu, mwavuli wa akiba na usalama wa watu walio chini. Kamera iliyo kichwani mwako na idadi ya miruko yako hazimo. Viwanja ndivyo vilivyouchukua ushauri vikaufanya amri, kila kimoja kwa ukali wake. Kuna kitakachokukatalia katakata, na kuna kitakachotazama pembeni.

Hapo ndipo ubishi wangu wa kwanza ulipoanzia. Amri inayobadilika ukiendesha gari saa moja kwenda uwanja mwingine ni amri ya namna gani?

Ubishi wa pili ulikuwa wa ukubwa. Carl Boenish na wenzake, waliopiga filamu angani tangu miaka ya 1960, walikuwa wakifunga kofiani kamera nzito za filamu, na mwavuli ulipofunguka shingo ndiyo iliyolipa. Miaka ya 1980 ikaja video, kamera kichwani na mtambo wa kurekodia mahali pengine mwilini. Ukimbebesha mgeni mzigo ule unamtafutia makubwa. Sasa kamera ya leo ina gramu mia moja na hamsini hivi. Niliona kama adhabu inaendelea wakati mkosaji alishazikwa.

Na hiyo 200 yenyewe imetoka wapi? Mbona isiwe 150? Mbona isiwe 300?

## Saa tatu na dakika ishirini

Usiku mmoja nikaishika ile namba nikaigeuza.

Mruko mmoja kutoka futi 13,500 unakupa kama dakika moja ya kuanguka kabla hujafungua mwavuli. Basi mtu mwenye miruko 200, yule ambaye sisi wageni tunamwona mkongwe na kumwachia kiti, ameanguka hewani kwa jumla ya saa tatu na dakika ishirini. Maisha yake yote. Mwenye 70 ameanguka kwa saa moja na dakika kumi.

Nani angemkabidhi daladala mtu aliye katika saa yake ya kwanza ya kuendesha, halafu amwambie ajirekodi akikatiza Kariakoo?

Na saa hizo hazikuja kwa mfululizo. Zimekatwa vipande vya dakika moja moja, na kila kipande kina kazi zake: kutazama altimita inayokuonyesha uko juu kiasi gani, kutazama wenzako wako wapi, kukumbuka mlipatana nini, kugeuka na kuachana mapema ili mtu asifungue mwavuli juu ya kichwa cha mwenzake. Kwa mwendo wa kilomita 190 kwa saa, unapoteza futi elfu moja kwa kila sekunde tano na nusu hivi. Mtu akipapasa kofia kuhakikisha kamera inarekodi, akamwonyesha mwenzake ishara ya "taa inawaka?", akangoja jibu, futi elfu moja zimekwenda. Hata mwenye leseni C au D anatakiwa awe amefungua kabla ya futi 2,500, na kutoka hapo mpaka ardhini, kama hakuna kilichofunguka, ni sekunde kumi na nne hivi.

Tena kuna kitu ambacho hakionekani kwenye hesabu. Nimewatazama watu wakiruka na kamera na wakiruka bila kamera, watu wale wale. Kamera ikiwepo, mtu anang'ang'ania umbo wanaloliunda kwa kushikana angani lisivunjike. Mkono uliokuwa uachie unabaki umeshika kidogo, kwa sababu picha ni nzuri. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Bado lakini kijana wangu alikuwa na jibu. Angewasha kamera akiwa chini, aisahau, arudi nayo. Kwa jibu hilo nilikwenda kwa fundi.

## Kamba ya milimita mbili

Kila uwanja una fundi wa miavuli, mtu mwenye leseni ya kukunja mwavuli wa akiba na kushona kilichochanika. Wetu ni mzee mkimya, miwani puani, uzi mdomoni. Nilimuuliza kama kamera ndogo ni hatari kweli au ni maneno ya wazee wa mchezo.

Hakunijibu. Alichukua kofia iliyofungwa kamera juu, akaiweka juu ya zulia la kukunjia. Akavuta kamba moja ya mwavuli uliokuwa umetandazwa. Kamba hizi ukiziona utashangaa, unene wake hauzidi milimita mbili, na ndizo zinazombeba mtu mzima. Akaipitisha juu ya kofia. Ikateleza. Akaipitisha tena, safari hii kwa kuilaza kidogo upande, na ikazama kwenye mwanya ulio kati ya kamera na kikalio kinachoishikilia kofiani. Akavuta. Kofia ikabingirika mpaka ukingoni mwa zulia.

"Sasa weka kichwa humo ndani," akasema.

Mwanya wenyewe haupiti ukucha. Mtengenezaji aliuacha ili kamera iingie na kutoka kwa urahisi, hakuwa na sababu ya kufikiria kamba. Watu makini huuziba kwa utepe, au hutumia kikalio kilichochongwa mviringo kisichoacha pembe. Kofia za wapiga picha wa kazi zina pia kifungo cha dharura kidevuni, unachokivuta kwa mkono mmoja na kofia nzima inaondoka kichwani. Hapo nilidhani fundi amenipa suluhisho. Kumbe ndipo alipokuwa akinipeleka.

Kwa sababu mgeni amefundishwa dharura yenye mipini miwili. Mwavuli mkuu ukiharibika, vuta mpini wa kulia uuachie, vuta wa kushoto ufungue akiba. Tunalifanya zoezi hilo tukiwa tumening'inizwa bandani mpaka mikono inakwenda yenyewe. Sasa kuna mpini wa tatu, wa kofia, na unauliza swali ambalo mikono haijafundishwa. Kamba ikiwa imenasa kichwani, ukiuachia mwavuli mkuu kabla ya kuvua kofia, mwavuli unaondoka na nini? Ukianza na kofia, una sekunde ngapi? Mwongozo unataka mwenye leseni A awe ameshaamua na kutenda kabla ya futi 2,500, na wa leseni B kwenda juu kabla ya futi 1,800. Kamera haikuongezei hata futi moja ya kufikiria.

Na ndiyo maana mwongozo hautofautishi sana kubwa na ndogo. Unasema wazi kwamba hata hizi ndogo zinanasa na zinavuta akili ya mtu.

Nikashukuru, nikaondoka nikiwa nimekubali kwa asilimia kubwa. Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi na ya kukubaliana na kila mtu.

## Louisburg, 1988

Raleigh ninapoishi na Louisburg si mbali, hata saa moja kwa gari haifiki. Kila anayeruka katika jimbo hili siku moja atasimuliwa habari ya pale, kwa kawaida ikielekea usiku, viti vimezunguka moto.

Tarehe 2 Aprili 1988, mpiga picha wa angani mwenye umri wa miaka 35 alipanda ndege kwenda kumrekodi mwanafunzi na mkufunzi. Alikuwa ameruka zaidi ya mara 800. Siku hiyo hiyo alikuwa ameshapanda na kushuka. Kamera iko kwenye kofia, vifaa vya kurekodia amevibeba mwilini. Mlango ukafunguliwa, akatoka.

Hakuwa amevaa mwavuli.

Mkanda wa video ulipatikana na wachunguzi wakautazama. Wengi walisema uzito wa vifaa vya kurekodia ndio uliomdanganya, mgongo ulihisi mzigo na akili ikaridhika. Inawezekana. Siku hizi tuna kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe mtu akifika chini sana bado anaanguka kwa kasi. Kimeokoa wengi tangu kilipoenea miaka ya 1990, lakini hakifungui mwavuli uliobaki chini.

Nilichoshindwa kukipita ni ile namba. Zaidi ya 800.

Kanuni ya 200 ingemruhusu mara nne. Yule mama wa usalama, kwa kanuni yake, asingemgusa. Kijana wa sabini na kitu alisimamishwa hadharani kwa kamera ya gramu mia na hamsini, na mtu wa aina ile anapita foleni bila swali kwa sababu anajulikana, ndiye fundi wa picha, ndiye tunayemngoja kwa hamu tukishuka.

Hapo ndipo ubishi wangu ulipobadilika sura. Sikurudi kwenye kudai kwamba 200 ni upuuzi. Kwa mgeni ni namba nzuri, saa zile tatu na ushei zimenishawishi. Lakini inalinda upande mmoja wa mlango tu.

Kaa ndani ya ndege utazame macho yanaelekea wapi. Mkufunzi anamtazama mwanafunzi, maana ndiyo kazi yake. Mwanafunzi anamtazama mkufunzi, maana ndiye tumaini lake. Mpiga picha anawatazama wote wawili, anapima mwanga, anafuta lenzi, anatafuta pembe ya kutokea mlangoni. Na yeye, anatazamwa na nani? Mwanafunzi hajui cha kutazama, na wanaojua wanamheshimu mno kumshika mikanda. Ukimgusa ni kama umemtilia shaka.

Ukongwe wake ndio unaomwondolea mkaguzi.

## Mpwa wangu anakwenda Diani

Nisieleweke kwamba nazichukia kamera. Nilivyojua kwamba goti langu la kushoto linashuka na kunizungusha ni kwa sababu mkufunzi alikuwa na kamera kichwani. Angeniambia kwa mdomo ningebisha. Nilipojiona nikizunguka kama mtu aliyepotewa na njia sikuwa na la kusema. Ajali nyingi zisingeeleweka kama picha zisingekuwepo.

Wakati nikiandika haya, mpwa wangu wa Dar akanipigia. Yeye na wenzake wanakwenda Diani, pale kusini mwa Mombasa ambapo watu huruka wakatua ufukweni, na wanataka ule mruko wa wawili, abiria amefungwa kifuani mwa mkufunzi.

"Mjomba, simu naweza kushika mwenyewe?"

"Hapana. Waulize, lakini jibu ni hapana."

"Hata na ile kamba ya mkononi?"

"Hata na kamba."

"Sasa nitaposti nini?"

"Mkufunzi atavaa kamera mkononi mwake, utailipia."

Kimya kidogo. "Shilingi ngapi?"

Nilimweleza sababu nikijua kwamba haisikilizi. Mikono ya abiria iko jirani na vipini ambavyo mkufunzi anavihitaji. Simu ikimponyoka angani, chini kuna wavuvi, kuna wauza madafu, kuna watoto wanacheza mpira mchangani. Kanuni ya Marekani niliyoitaja hapo juu, ile Sehemu ya 105, haisemi lolote la kamera, lakini kwenye jambo hilo ni kali: usifanye mruko unaohatarisha watu na mali zilizo chini. Hata Dubai, ambako nusu ya video za kuruka tunazotumiana zinatoka, anayeonekana akicheka kwenye picha siye aliyebeba kamera. Mkufunzi anayevaa kamera mkononi naye hakuanza jana. Anatakiwa awe amekwisha kuwashusha abiria wengi kwanza bila kamera, mpaka kazi yenyewe isimshughulishe.

Mpwa akasema ameelewa, kisha akauliza kama saa ya mkononi yenye kamera inahesabika.

Na hiyo kamera ya kabatini itakaa kabatini. Mdogo wangu nimemwambia, amenuna, atatulia.

## Tatu, tatu, tatu

Kuna ukaguzi tunaofundishwa siku za mwanzo kabisa, na wengi wanauacha wakishapata leseni. Tatu mara tatu. Pete tatu zinazoshikilia mwavuli mkuu kila upande wa bega, zimepangana sawasawa. Mikanda mitatu, wa kifua na miwili ya mapaja, imepita inapopaswa. Vipini vitatu, cha kufungulia, cha kuachia, cha akiba, vyote mahali pake. Kabla hujavaa, kabla hujapanda, kabla hujatoka. Ukifanyiwa na mtu mwingine unachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Nilimfuata yule mama wa usalama. Sikwenda kumtetea kijana, hilo lilishapita. Nilitaka kujua kuhusu wapiga picha, maana nilishagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, na mpaka leo hubeba kamera siku ambazo watu hawatoshi. Nikamuuliza, siku hizo nani anamkagua yeye.

Akaniambia hapandi mpaka mtu amshike mgongoni na kuvitaja vipini vyote vitatu kwa sauti. Hachagui mtu. Asipompata mwenye leseni humwita mwanafunzi, humwonyesha pa kushika, na humwambia ataje. Nikamuuliza kwa nini basi asilifanye kuwa amri kwa kila mwenye kamera, kama alivyofanya ile ya 200. Akasema amejaribu kulileta kwenye mkutano wa wakufunzi, na wakongwe walilichukulia kama tusi. Kuhesabu miruko ya vijana hakumuudhi mtu yeyote mwenye sauti mle ndani.

Hiyo ndiyo iliyobaki inanikera, na sina pa kuipeleka zaidi ya hapa na pale ndani ya ndege.

Kwa hiyo nimeanza na pale ndani ya ndege. Tunapofika futi elfu kumi na kitu, watu wanafunga kofia, mimi humgeukia aliyebeba kamera. Wa kwanza kumjaribu alikuwa jamaa mmoja mnene wa mwili na wa sifa, mwenye lenzi mbili kichwani.

"Nimeruka mara elfu tatu, wewe," akapiga kelele juu ya sauti ya injini.

"Geuka," nikamwambia.

Akageuka huku akilalamika. Nikamtazama nyuma na mbele: pete sawa, mikanda sawa, vipini vitatu vipo. Nikampiga begani, akatikisa kichwa kana kwamba amevumilia mtoto. Jumamosi iliyofuata tulijikuta kwenye ndege moja tena, na kabla sijamsogelea alikuwa ameshanipa mgongo, bado analalamika.